Namba 15: namna ya kujifunza kucheza ariere katika raga, na kwa nini Itebero tusianze na kuangushana

 

Toka nimerudi Itebero, swali ninaloulizwa sana si juu ya diplome wala juu ya kazi. Vijana wananiuliza: "Yaya, ule mupira wa yai unachezwaje?" Na wale wanaotaka kucheza, karibu wote wanataka nafasi moja: namba 15, yule anayesimama peke yake nyuma ya wenzake. Wanamwona kwenye video anadaka mpira wa juu, anakimbia, watu wanapiga kelele. Wazazi nao wana swali lao, na mzee mmoja aliliweka vizuri kuliko wote: "Mwanangu, mutoto akivunjika shingo hapa, mutamupeleka wapi?"

Mimi raga nilijifunzia Kampala wakati wa masomo, na nafasi niliyopewa ni hiyohiyo ya 15. Kwa hiyo leo nataka kueleza kazi ya namba 15 moja baada ya nyingine, namna ya kujifunza kila moja, na mwishoni nijibu swali la mzee. Ninawaambia toka sasa ninakoelekea: sehemu kubwa ya kazi ya nafasi hii inaweza kufundishwa bila mtu hata mmoja kuangushwa chini. Kuko wenzetu katika jamii yetu ya wasomi wanaosema raga bila kuangushana si raga. Nawaomba wasome mpaka mwisho.

Kwanza, yeye ni nani?

Timu ya raga ina watu 15. Namba 1 mpaka 8 ni wale wa mbele, watu wa skramu, wazito. Namba 9 mpaka 15 ni wa nyuma, watu wa mbio na mikono. Huyu wa mwisho Waingereza wanamwita fulbeki, na sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunamwita ariere. Usimchanganye na beki wa mpira wa miguu. Katika mpira wa miguu mabeki ni wengi, na nyuma yao kuko kipa. Katika raga, nyuma ya namba 15 hakuna mtu. Akipitwa, ni trai, pointi 5, na mwenzake akipiga vizuri zinaongezeka 2.

Kiwanja kinafika mita 100 kwa urefu kati ya laini za goli, na mita 70 kwa upana. Kila upande kuko laini ya mita 22 toka laini ya goli. Uishike hiyo namba 22, juu sheria nyingi zinazomhusu ariere zinazunguka hapo.

Mpira unarushwa nyuma tu ao pembeni, haurushwi mbele kwa mkono. Lakini kwa mguu unaweza kwenda mbele. Hapo ndipo ariere anapata kazi: kila mara wapinzani wanapoona mbele kumejaa watu, wanapiga mpira kwa mguu kwenda kule ambako hakuna mtu. Kazi yake ya kwanza ni kuwa tayari kule.

1. Kusimama

Watu wanafikiri ariere anaanza kufanya kazi mpira unapofika. Si vile. Ameanza zamani, kwa miguu yake, akisogea kushoto na kulia, mbele na nyuma, kufuata mpira ulipo.

Fikiria nyuma ya timu kuko watu watatu: namba 11 pembeni kushoto, namba 14 pembeni kulia, na 15 katikati. Mpira ukienda kulia, namba 14 anapanda mbele kukaba, namba 15 anasogea kulia kuziba nafasi aliyoiacha, na namba 11 anarudi nyuma katikati. Mpira ukienda kushoto, kinyume chake. Wanatembea kama mizani: upande mmoja ukipanda, mwingine unashuka. Ukielewa hilo umeelewa nusu ya nafasi hii.

Asimame umbali gani? Hakuna mita moja ya kukariri. Jiulize maswali matatu. Anayeushika mpira anaweza kupiga mbali kiasi gani? Upepo unaenda wapi? Wako karibu na goli letu ao mbali? Wakiwa mbali, ndani ya nusu yao, unarudi nyuma sana, juu wana nafasi ya kupiga mbali. Wakiwa mita 10 toka goli letu, unapanda karibu na wenzako, juu hapo hawana haja ya kupiga, wanataka kukimbia.

Sheria nayo imebadilisha kusimama. Toka 2021 kuko sheria inayoitwa 50:22. Ukipiga mpira ukiwa ndani ya nusu yako, ukadunda kiwanjani, halafu ukatoka nje pembeni ndani ya mita 22 za wapinzani, ni timu yako itakayorusha kwenye tushi. Zamani ulikuwa unawapa wao. Ila haikubaliwi kama timu yako yenyewe ndiyo iliyourudisha mpira ndani ya nusu yake. Lengo la sheria ni kulazimisha timu inayojilinda iache watu nyuma, ili mbele pafunguke nafasi ya kukimbia. Kwa ariere maana yake ni kwamba pembe mbili za nyuma zimekuwa na bei. Zamani ungeweza kuacha mpira utoke nje na kupumua. Leo mpira unaodunda kuelekea pembe yako unaufukuza mpaka mwisho.

2. Kudaka mpira wa juu

Hiki ndicho vijana wanachokipenda kwenye video. Kifaransa wanauita shandeli, yaani mshumaa: mpira unapigwa juu kabisa, na wapinzani wanakimbia chini yake wafike wakati mmoja nao.

Kwanza, jina. Kabla hujanyoosha mkono, piga kelele "Yangu!" mara moja, kwa sauti ya mtu anayemaanisha. Watu wawili wakinyamaza chini ya mpira mmoja, mpira unaanguka katikati yao, ao vichwa vyao vinagongana.

Pili, fika mapema kisha njoo mbele. Simama hatua mbili tatu nyuma ya pale mpira utakapoanguka, ili uudake ukiwa unakuja mbele. Anayedaka akirudi nyuma hana nguvu na haoni.

Tatu, mikono. Viwiko karibu, viganja juu, vidole vimefunguka, ufikie mpira usawa wa macho ao juu kidogo, kisha uushushe kifuani kama unapokea mtoto. Macho yabaki kwenye mpira mpaka uwe mikononi.

Nne, ruka na goti moja mbele, na geuza bega kidogo upande wa wapinzani. Ukiuachia kwa bahati mbaya, kwa mwili uliogeuka pembeni kuko nafasi nzuri uanguke nyuma yako. Ukianguka mbele ni kosa, na wapinzani wanapewa skramu.

Sheria inamlinda aliye hewani. Ni marufuku kumkamata, kumsukuma ao kumvuta mchezaji ambaye miguu haijagusa chini, na anayefanya hivyo vibaya anaweza kutolewa kwa kadi nyekundu. Kwa nini wakali hivyo? Juu mtu akigongwa miguu akiwa hewani, anaanguka na kichwa ao shingo. Kumbuka hili, nitalirudia.

Kuko pia haki moja ya peke yake. Ukidaka mpira uliopigwa na mpinzani, moja kwa moja kabla haujagusa chini wala mtu mwingine, ukiwa ndani ya mita 22 zako, na ukaita "Mark!", arbitri anasimamisha mchezo na unapewa mpigo huru. Kwa mpira wa kuanzisha mchezo, angalia kwanza sheria ya sasa inasema nini. Neno lenyewe ni fupi, lakini linaokoa timu inayobanwa.

Wale walioangalia Kombe la Dunia la 2023 kule Ufaransa wanakumbuka. Robo fainali ya tarehe 15 Oktoba, Stade de France, Ufaransa na Afrika Kusini. Damian Willemse, ariere wa Afrika Kusini, alidaka ndani ya 22 yake, akaita mark, halafu badala ya kupiga mbali akaonyesha kwa mikono kwamba wanataka skramu. Ndani ya 22 yao wenyewe! Uwanja mzima ulishangaa. Lakini ilikuwa na hesabu: aliamini watu wake wa mbele kuliko mguu. Afrika Kusini ilishinda 29 kwa 28, baadaye ikachukua kombe. Leo huwezi kurudia ujanja ule. Toka Julai 2024 sheria imekataza kuchagua skramu kwenye mpigo huru. Ariere anapaswa kusoma sheria mpya kila mwaka kama mwanasheria anavyosoma gazeti rasmi.

3. Kupiga mpira

Baada ya kudaka, ariere ana sekunde mbili ao tatu za kuchagua: kukimbia, kumpa mwenzake, ao kupiga.

Hapa nirudi nyuma kidogo kwenye historia, juu inaeleza kwa nini nafasi hii iko jinsi ilivyo. Zamani ariere alikuwa mtu wa kupiga nje. Akipata mpira mahali popote, aliupiga moja kwa moja nje ya laini ya pembeni, na timu ikapanda mpaka pale ulipotokea. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sheria ikabadilika: ukipiga moja kwa moja nje ukiwa mbali na goli lako, faida hupati, tushi inarudi usawa wa pale ulipopigia. Leo mpaka wa sheria hiyo ni laini ya mita 22. Ndani ya 22 yako, piga nje moja kwa moja, ni salama. Nje ya 22, lazima mpira udunde kwanza kiwanjani.

Sheria hiyo moja ilimgeuza ariere. Hakuweza tena kujificha nyuma ya mguu wake, akalazimika kukimbia. Ndipo wakatokea watu kama J.P.R. Williams wa Wales miaka ya 1970 na Serge Blanco wa Ufaransa miaka ya 1980. Blanco alizaliwa Caracas, Venezuela. Katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kwanza, Juni 1987 mjini Sydney, ndiye aliyefunga trai ya mwisho pembeni kabisa, na Ufaransa ikaitoa Australia 30 kwa 24.

Ariere wengi wanapewa pia kazi ya kupiga mipira ya pointi. Hapa mechi ileile ya 2023 ina funzo la pili. Thomas Ramos, ariere wa Ufaransa, alikuwa anapiga mpira wa kuongeza pointi 2 baada ya trai. Cheslin Kolbe wa Afrika Kusini alisubiri pale sheria inaporuhusu, yaani mpigaji anapoanza kuuendea mpira, akachomoka mbio na kuuzuia kwa mikono. Pointi 2 hizo zikakosekana, na mwisho wa mechi tofauti ilikuwa pointi 1. Kwa hiyo hatua zako za kuuendea mpira zisiwe ndefu kuliko unavyohitaji.

4. Kujiunga na mashambulizi

Wenzako wakishambulia, wewe ni mtu wa ziada. Wapinzani wamehesabu watu: huyu wangu, yule wako. Ukitokea nyuma kwa mbio, katikati ya namba 13 na namba 14 kwa mfano, hesabu yao inavunjika. Siri ni kuchelewa. Ukija mapema wanakuona na wanajipanga. Anza mbio mpira unapokuwa mikono miwili mbali nawe, ili uupokee ukiwa na mwendo. Na kabla hujaondoka, mwambie namba 11 ao 14 abaki nyuma. Nyumba haiachwi wazi.

5. Sauti

Ariere ndiye peke yake anayeona watu wote 29 wengine mbele yake. Kwa hiyo asiponyamaza, timu ina macho. Akinyamaza, timu ni kipofu. Maneno yawe mafupi na ya lugha moja. Hapa kwetu mtu anaweza kuzungumza Kinyanga, Kikano ao Kikumu nyumbani, Kifaransa darasani na Kiswahili sokoni. Kiwanjani tumechagua Kiswahili: "Yangu!", "Panda!", "Rudi!", "Kushoto wawili!", "Mguu!" (anataka kupiga). Maneno matano, basi. Nimeona vijana wapole kabisa darasani wakigeuka watu wengine baada ya wiki tatu za kupewa kazi ya kuita. Kwa msomi atakayesimama siku moja mbele ya watu kutetea memwari yake, hilo peke yake ni faida.

6. Kumwangusha mtu wa mwisho

Sasa tumefika kwenye kazi inayobaki, ile inayowaogopesha wazazi. Mshambuliaji amepita wote, mmebaki wawili. Kanuni ya kwanza ni ya akili, bado si ya nguvu: usimkimbilie moja kwa moja. Simama kwa ndani kidogo, umwachie upande mmoja, upande wa laini ya pembeni, halafu umbane polepole. Laini ya pembeni haichoki na haikosei. Kila mita anayokimbia kwenda pembeni ni mita ambayo haendi golini, na wenzako wanarudi.

Kanuni ya pili ni ya mwili. Kichwa kinakaa upande wa nyuma ao pembeni mwa mtu unayemkamata, kamwe si mbele ya magoti ao nyonga zake. Macho wazi, bega linagusa kwanza, mikono inafunga miguu, na hauteremshi uso kutazama chini. Kumkamata mtu juu ya mabega ni marufuku.

Dunia yenyewe inazidi kushusha. Ufaransa, baada ya vifo vya wachezaji vijana mwaka 2018, shirikisho la raga liliteremsha mwisho wa kukamata mpaka kiunoni kwa wachezaji wasiolipwa kuanzia 2019. Mwaka 2023 World Rugby, chama cha raga cha dunia, kilishauri nchi zijaribu kushusha chini ya kifua katika michezo ya kawaida. Nchi zenye ambulansi pembeni mwa kila kiwanja ndizo zinazoshusha. Sisi je?

Jibu la swali la mzee

Itebero iko kwenye barabara ya taifa namba 3, ile ya Bukavu kwenda Walikale mpaka Kisangani. Wote mumeipita, munaijua wakati wa mvua. Kituo cha afya kinatibu malaria, kinazalisha mama zetu, kinashona kidonda. Mashine za kupiga picha ndani ya kichwa ziko kwenye miji mikubwa, mbali. Na mtu aliyeumia shingo hapandishwi nyuma ya pikipiki. Kwa hiyo mzee hakuuliza swali la mtu asiyejua mchezo. Aliuliza swali la daktari.

Jibu langu ni hili: kwa sasa hatumwangushi mtu. Tunacheza raga ya kugusa. Ukiguswa kwa mikono miwili unasimama, unaweka mpira chini, mwenzako anauchukua, na baada ya kuguswa mara sita mpira ni wa wapinzani. Tunaongeza sheria yetu moja: mpira wa juu unadakwa na mtu mmoja aliyeita, na mpinzani anabaki hatua mbili nyuma mpaka miguu ya mdakaji iguse chini.

Hesabu sasa. Kusimama, kudaka, kupiga, kujiunga na mashambulizi, sauti: kazi tano kati ya sita nilizozieleza zinafundishika hivyo. Hata nusu ya ile ya sita, yaani kumbana mtu pembeni, inafundishika kwa kugusa. Kilichobaki ni kugongana kwenyewe. Wenzangu wanaosema hiyo si raga wajibu hili: kijana anayejua kusimama, kudaka na kuita, akifika Kampala ao Nairobi, kocha atamfundisha kuangusha juu ya godoro kwa muda si mrefu. Yule anayejua kugonga tu, kusoma mchezo kutamchukua miaka.

Tutaanza kuangushana siku tatu zitakapotimia hizi: mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza awe kiwanjani kila jioni, si mara moja moja. Usafiri wa kumlaza mtu uwe umekubaliwa mbele, na dereva anajulikana. Na anayefundisha awe amefunzwa kufundisha kuangusha. Kozi ya World Rugby inayoitwa Rugby Ready iko kwenye intaneti bila malipo. Wenye mtandao mzuri muifanye mukiwa mjini.

Hata katika raga ya kugusa watu hugongana. Kwa hiyo dalili hizi zijulikane na kila mtu: aliyegongwa kichwa akiyumba, akisahau ni siku gani, akiona kizunguzungu, akichoka kusikia mwanga ao kelele, anatoka na siku hiyo harudi, hata akisema yuko sawa. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akidegedege, akilegea mkono ao mguu, ao akisinzia ovyo, ni hospitali mara moja. Akilalamika shingo, usimwinue, usimkalishe. Mshike kichwa kisisogee mpaka mwenye ujuzi afike. J.P.R. Williams niliyemtaja juu, baada ya raga alikuwa daktari mpasuaji wa mifupa. Mtu anaweza kuwa shujaa kiwanjani na bado akaujua mwili wa binadamu unavyovunjika.

Vifaa na mazoezi

Msiseme hamuna mpira. Mpira wa raga una gramu 410 mpaka 460. Wa miguu una 410 mpaka 450. Uzito ni uleule, kwa hiyo kudaka mpira wa juu anza na mpira wa miguu hata uliochakaa. Kwa kuzoea udundaji wa ajabu, watoto wetu wanajua kufunga mpira wa sashe na kamba. Waufunge kwa umbo la papai. Goli la mpira wa miguu nalo linatosha kupigia pointi: piga juu ya mwamba.

Kila jioni, saa moja tu. Dakika 15 za mizani: watu watatu nyuma, mmoja mbele anatembea na mpira kushoto na kulia, wale watatu wanasogea kumfuata bila mpira kupigwa. Dakika 15 za kudaka, kila mmoja mipira 20, na asiyeita "Yangu!" haihesabiwi. Dakika 10 za kupiga kwa miguu yote miwili. Dakika 20 za raga ya kugusa, namba 15 akibadilishwa kila dakika 5. Mvua ikinyesha kidogo msikimbie: mpira wenye maji ni somo, na kwetu msituni mvua si mgeni. Radi ikianza, kila mtu nyumbani.

Wadada wasibaki pembeni. Timu ya wanawake ya Kenya ilicheza raga ya watu saba kwenye Olimpiki za Rio 2016. Katika raga ya saba pia kuko mmoja anayebaki nyuma kufagia, na kazi yake ni hii hii.

Mlango uko wapi?

Kwa wanaokwenda kusoma nje, majirani wetu wako mbele. Chuo Kikuu cha Nairobi kina timu ya Mean Machine, Makerere ina Impis. Uganda ilichukua Kombe la Afrika 2007 kwa kuishinda Madagascar, na Kenya ilishinda mashindano ya Singapore ya watu saba Aprili 2016, ikiipiga Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali. Julai 2025 ni Kampala ambako Zimbabwe iliishinda Namibia 30 kwa 28 na kupata tiketi ya Kombe la Dunia la 2027. Mkitaka kuona namba 15 wa kwetu Afrika Mashariki, tafuteni video za Philip Wokorach wa Uganda na Darwin Mukidza wa Kenya. Lakini mkiangalia, fanyeni kitu kimoja: msifuate mpira. Mtazameni yeye peke yake dakika 10 nzima, hasa wakati mpira uko mbali naye. Mutaona anavyotembea, anavyorudi, anavyonyoosha mkono kuita watu. Hiyo ndiyo nafasi yenyewe.

Kongo nayo iko na timu ya taifa ya raga, Leopards, jina lilelile la ndugu zao wa mpira wa miguu. Sijui kama atatoka mtoto wa Walikale kuvaa jezi ile namba 15. Ninachojua ni kwamba akitoka, anapaswa kutoka akiwa na shingo nzima.

Tunaanza saa kumi jioni, kiwanja cha mpira, siku ambazo hakuna mechi. Mje na viatu ao bila viatu. Wazazi pia wanakaribishwa kuangalia, na wakiona mtu anaangushwa, wana ruhusa ya kusimamisha mchezo.